Ushauri: Mrithi asiye na usimamizi wa mirathi anauza nyumba, nami natakiwa kugonga muhuri

Wakili Kijana (Kigoma)
Wakubwa zangu, shikamooni. Nimeapishwa uwakili hivi karibuni, na kazi yangu kubwa ni mikataba ya mauziano ya viwanja na nyumba. Mteja wangu, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, anataka kununua nyumba Ujiji. Barua ya toleo (barua ya serikali ya kumilikisha kiwanja), iliyokwisha kukatika kwenye mikunjo, ina jina la marehemu baba wa muuzaji, ilhali rasimu waliyokuja nayo inaanza kwa maneno "Mimi, mmiliki halali" na kufuatiwa na jina la kijana mwenyewe. Mirathi haijafunguliwa, anadai kwamba kaka zake walioko Mpanda na dada aliyeko Uvinza wameridhia kwa simu. Wakili mwandamizi ninayefanya naye kazi ananitaka nishuhudie tu, kwani tukikataa watagongewa muhuri ofisi ya jirani. Nikatae vipi bila kumvunjia heshima? Na je, upo mkataba wa muda ninaoweza kuandaa?

Mzee wa Mirathi (Tabora)
Marahaba, mdogo wangu. Mrithi ana haki katika mali, lakini mamlaka ya kuiuza ni ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo hupendekeza jina tu. Muhtasari wake hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo ikiridhika hutoa Fomu Namba IV, yaani barua ya uteuzi wa msimamizi, na hiyo ndiyo ofisi ya ardhi itakayoidai siku ya kuhamisha umiliki. Mkataba wa muda siupendi. Hata ukiandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna fedha itakayolipwa, karatasi yenye muhuri wa wakili husomwa mtaani kama mauziano yaliyokamilika, na kabla ya mwezi kwisha muuzaji atakuwa amekwisha kuchukua advansi.

Afisa Ardhi Mstaafu
Mwanangu, umewataja kaka na dada, hukumtaja mama. Je, yu hai? Anaishi wapi? Kabla ya kugusa rasimu hiyo, fika kwenye nyumba yenyewe pamoja na mwenyekiti wa mtaa, uulize nani analala humo na nani ni mpangaji. Mjane asiyetajwa popote ndiye niliyekuwa nikimwona mara nyingi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba, mnunuzi akiwa amekwisha kuezeka upya. Masuala ya kodi ya TRA yatakuja baadaye.

Wakili mwenzako
Kwa mkubwa wako usiende na mdomo mtupu. Andika maoni ya kisheria ya ukurasa mmoja kwa mnunuzi, maana mteja wako ni yeye, kisha umwombe mwandamizi ayapitie kabla hayajatoka; akiyasoma kwa utulivu, yumkini yeye mwenyewe hatataka jina la ofisi liwe kwenye mkataba huo. Mnunuzi mweleze kwamba madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12, hivyo dada wa Uvinza anaweza kumfikisha barazani muda mrefu baada ya fedha kuliwa.

Wakili Kijana (Kigoma)
Nawashukuru sana. Leo nimefika Ujiji na mwenyekiti: mama yupo, anaishi vyumba vya nyuma, na habari ya kuuzwa nyumba ameisikia kwangu. Mnunuzi amekubali kusubiri Fomu Namba IV, na mwandamizi ameyapitia maoni na kusahihisha aya moja tu. Kikao cha ukoo ni Jumamosi.