Miaka 43, benki miaka 17: nisome CPA ya uhasibu, niende kufundisha au nikalime parachichi?

kaunta_namba_3:
Wakuu habarini za jioni, naomba mawazo ila msinicheke. Nipo Dar, benki, nilianza kaunta nikasogea mpaka huku nyuma kwenye makaratasi, nina B.Com yangu ya zamani, watoto watatu, mkubwa yupo kidato cha pili. Mwaka huu kazi niliyokuwa naifanya kutwa nzima mfumo mpya unaimaliza kabla sijanywa chai, afu bosi niliyeletewa nimemzidi miaka 12, kijana mzuri tu ana adabu ananiita "braza", ila kila akiniita hivyo kuna kitu kinanishuka tumboni. Sa hizi kuna tetesi za kupunguza watu na anayekubali kuondoka mwenyewe atapewa chochote.

Nawaza nikae hapahapa nipige CPA, au nichukue ile diploma ya elimu ya mwaka mmoja ya wenye digrii nikafundishe masomo ya biashara (nilipokuwa chuo nilikuwa natoa tuisheni na nilikuwa naipenda kwelikweli), au nibebe hela niende kwetu Njombe, marehemu mzee kaacha ekari tatu, nipande parachichi. Nani kapita huko?

mama_wa_novemba:
Mdogo wangu pole. Mimi CPA nimeanza na miaka 41 nikamaliza na 45. Mitihani ni Mei na Novemba, kwa hiyo mwaka wako wote utakuwa unahesabu kwa miezi hiyo miwili tu, harusi, misiba, vikao vya ukoo, vyote unavipima kwa Novemba. Nilikuwa nasomea kwenye mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni, nimesimama, notsi nimezikunja mara nne ndani ya pochi, maana nyumbani nikifungua kitabu tu mtu anauliza sukari iko wapi. Somo la kodi limenirudisha mara mbili, mara ya tatu nilimwomba binti wa fildi ofisini anifundishe saa ya lanchi, aibu ya siku ya kwanza ilikuwa kubwa, ya pili nikazoea.

Nikwambie na ubaya wake, cheo sikupandishwa hata kimoja. Kilichobadilika ni kwamba nilipohama nilikuwa na pa kuhamia, sasa hivi naandaa hesabu za saccos mbili na shule moja na sigombani na mtu.

miche_sabini:
Parachichi usiende kwa hasira za bosi kaka. Mimi nina ekari moja hukohuko, miche kama 70 ya parachichi aina ya Hass, nipo Tabata. Hass inaanza kukupa matunda mwaka wa tatu na hayo ya kwanza ni ya kuonja, hela hasa inasubiri mti ukomae, sasa hiyo miaka watoto watakula nini? Na Njombe kiangazi ni kirefu, mche mchanga bila maji unaondoka hivihivi unaangalia.

Kijana wangu wa shamba alikuwa ananitumia picha kila Ijumaa, mti unapendeza, majani yanang'aa, mimi naonyesha watu ofisini. Nilipokwenda kumbe ni mti uleule mmoja wiki zote, ulio karibu na bomba. Ile mingine sitaki kuielezea. Shamba la kwenye simu halipo, ama uhamie au mwachie ndugu mwenye uchungu nalo mgawane.

haki_kazini:
Kabla ya kuchagua chochote USIANDIKE BARUA YA KUACHA KAZI. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu watu wanaumia sana hapa. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, na ni pale mwajiri anapokuachisha kazi, siyo unapoondoka mwenyewe. Na hiyo miaka yako 7 ya ziada sheria haiihesabu. Tuseme basic yako (mshahara bila marupurupu) ni milioni 1.3, hesabu unavyotaka, hutoboi milioni nne. Kwa hiyo wakikuita mkae mezani, kinachozidi hapo ni cha kuongea na kiwe kwenye maandishi.

NSSF nako hivyohivyo, fao la kukosa ajira ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 na aliyeacha kwa hiari yake halimhusu. Pensheni miaka 17 inatosha maana wanataka miezi 180, ila utaisubiri mpaka 55 kwa hiari au 60. Alafu we ni mtu wa benki, mkopo wako wa mfanyakazi ile riba ya huruma ukitoka inaendelea au inageuka? Soma karatasi.

chaki_na_vumbi:
Mimi ni mwalimu na sikukatishi tamaa, ila matangazo mengi ya ajira serikalini yanaandika umri usizidi miaka 45, we ukimaliza diploma umebakiza nini? Zinabaki shule binafsi, na huko kuna mwezi mshahara unatoka tarehe 9 mnaambiwa ada hazijaingia. Ukienda, nenda kwa sababu unapenda darasa. Watoto wa kidato cha tatu siku ya Ijumaa saa nane mchana wanajua kama unawapenda au umekimbia kitu.

braza_wa_ofisi:
Mimi ndo hao vijana wa "braza" 😂 kwani mnatakaje, tukiwaita kwa majina mnanuna.

kaunta_namba_3:
@braza_wa_ofisi umenimaliza 😂

Wakuu nimerudi. Jana usiku nimetoa karatasi ya mkopo, bado milioni 19, na riba ukitoka inageuka, ipo ukurasa wa nne maandishi madogo na saini yangu imelala pembeni. Nimemwonyesha mama watoto, nilidhani atalia, akasema alikuwa anajua siku nyingi maana siku hizi narudi naongea na redio. Shamba amesema tumpe mdogo wangu apande mahindi kwanza kama zamani, parachichi tutaongea.

Barua siandiki. Jumamosi naanza tuisheni hapa kibarazani, wanafunzi watatu, mmoja ni wangu mwenyewe na ameshaniuliza kama atalipwa. Na Novemba nataka nijaribu. @mama_wa_novemba zile notsi za kodi bado unazo?

mama_wa_novemba:
Ninazo, nicheki PM. Ila zichukue kwa mazoezi tu, viwango vinabadilika kila Julai na Sheria ya Fedha, zangu zimeshazeeka. Na uanze na kodi yenyewe, usiiache mwisho kama mimi.