Kopo la jeli ya kunyolea linaota povu mdomoni hata nikishaachia kitufe. Kosa ni la valvu au la kichwa?

Kinyozi wa Tandika

Wakuu habari za kutwa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni kinyozi, mwaka wa 17 huu, na tangu mwaka juzi nina jeli yangu ya kunyolea. Siyo lile povu la kawaida. Hii inatoka kama dawa ya meno, rangi ya bluu, ukiisugua shavuni ndipo inageuka povu. Makopo ni ya alumini, 200 ml, ndani kuna mfuko ulioshikizwa kwenye valvu: jeli imo mfukoni, hewa ya kuisukuma iko nje ya mfuko. Najaziwa nje ya nchi, lebo nabandika mwenyewe hapa.

Jeli haina neno. Kesi ni kichwa, ile plastiki ya juu yenye kitufe na mdomo. Kile kilichokuja na makopo kilikuwa kifupi mno, vinyozi wenzangu wakawa wanalalamika kidole kinaingia kwenye jeli. Nikamtafuta kijana anayejua kuchora kwenye kompyuta, tukabuni chetu: mdomo mrefu ulioinama kama wa birika, kitufe kipana hata mwenye glavu anabonyeza bila shida. Akakitoa kwenye printa ya 3D. Kikapendeza kwelikweli. Nikavifunga kwenye makopo 48.

Sasa sikilizeni. Unabonyeza, jeli inatoka safi. Unaachia, inakata. Unaweka kopo mezani, unaanza kunyoa. Ukigeuka, mdomoni pameota donge la povu kama koa. Unalifuta. Unamaliza kidevu, ukigeuka tena, koa mwingine huyo hapo. Mzee mmoja mteja wangu alicheka akasema, "Mwanangu, kopo lako lina mafua." Asubuhi nikifungua saluni nakuta povu limeshuka mpaka kwenye lebo, limekauka kama gome.

La pili: nilituma katoni moja ya makopo 24 Tanga. Yalipofika, 9 vifuniko vimejaa povu, na hakuna aliyewahi kuyabonyeza hata mara moja.

Aliyenijazia anasema valvu zake zilipimwa zote. Kijana wangu anasema kichwa kimekaa sawa. Mimi niko katikati kama mpira. Nataka kuchonga moldi ya chuma ya kutolea vichwa hivi, na hela yenyewe ndiyo hii ya kuungaunga, nikikosea mara moja nimekwisha. Nibadilishe valvu, kichwa, au kuna mpira wa kuongeza mahali?

Babu Wembe

Brashi, sabuni ya kipande, maji ya moto. Tangu 1988 havijanivujia.

FundiMoldi

Babu tupishe kidogo, wagonjwa ni wengi leo.

Kinyozi, nimechonga moldi za vifuniko na vichwa vya losheni muda mrefu, na hiyo hadithi yako naijua hadi harufu. Kabla sijasema kitu nifanyie mambo mawili. Moja: chomoa kichwa, kausha kwa tishu kile kijiti kinachochomoza katikati ya kisahani cha bati, dondosha tone la maji ya sabuni juu ya tundu lake, kaa dakika kumi unakodolea. Mbili: nipe urefu wa njia ya ndani ya kichwa chako, toka kijiti kinapoishia mpaka mdomoni, na upana wa tundu lenyewe.

Na usifanye hayo karibu na jiko wala sigara. Kinachofanya jeli hiyo iumuke ni gesi inayowaka.

Kinyozi wa Tandika

Tone limetulia tuli, makopo matatu yote. Njia ni 32 mm, tundu 4 mm. Tulilifanya pana makusudi ili jeli itoke kwa wingi.

FundiMoldi

Basi valvu iache, haina kosa. Umeshaniambia ugonjwa wenyewe bila kujua.

Fikiri kidogo inavyofanya kazi. Ukibonyeza, kijiti kinashuka, kitundu chake cha pembeni kinatoka kwenye mpira uliokiziba, jeli inapita. Ukiachia, springi inakirudisha juu na mpira unaziba tena. Lakini kinachozibwa ni huko chini, ndani ya kopo. Jeli iliyokwisha kuvuka mpira iko kichwani mwako, na mbele yake mlango uko wazi. Njia ya 32 mm kwa 4 mm ni mrija wa 0.4 ml. Kila ukiachia kitufe unaacha 0.4 ml ya jeli imekaa pale haina mwenyewe.

Ingekuwa losheni, ingekaa humo imelala. Yako ni jeli ya kuumuka. Nyingi za aina hiyo zina isopenteni ndani, kimiminika kinachochemka kwenye 28°C. Ndani ya mfuko imebanwa, haiwezi kuchemka. Kichwani haijabanwa na chochote. Saa nane mchana, saluni ya Tandika, feni inazungusha hewa ya moto: uko juu ya nyuzi 30. Isopenteni inachemka taratibu mle mdomoni, jeli inakuwa povu, povu linahitaji nafasi kubwa mara nyingi kuliko jeli, nafasi pekee ni nje. Huyo ndiye koa wako. Waliobuni kichwa kifupi hawakuwa wajinga, ingawa kidole kikiingia kwenye jeli ni kero kweli.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mpira wa kuziba, punguza cha kuzibwa. Njia ya 18 mm, tundu 2.5 mm, inabaki chini ya 0.1 ml. Hapo umeondoa zaidi ya robo tatu ya tatizo bila kununua kitu. Usishuke chini ya 2 mm, jeli itatoka kwa kuvutana na kinyozi atabonyeza mpaka kitufe kivunjike. Umbo la nje liache la birika kama mnalipenda, macho yana haki yake, ila njia ya ndani iwe fupi na nyembamba. Watu wanachanganya hivi vitu viwili.

Baada ya hapo ndipo uzungumzie mlango wa mbele. Kuna njia mbili ninazozijua vizuri. Ya kwanza ni kile kiraba cha silikoni chenye mkato wa msalaba, unakiona kwenye chupa za tomato za kukamua. Ni rahisi, kinakata mkia wa jeli safi, kinazuia isikauke. Lakini kinafunguka kwa msukumo mdogo, na gesi ikianza kuchemka nyuma yake itakisukuma tu. Kwenye njia ya 0.1 ml kinafaa. Kwenye ya 0.4 ml utaona koa mwembamba badala ya koa mnene.

Ya pili ni kipini kinachoziba mdomo kwa ndani, nyuma yake kuna kiwambo cha raba na springi. Msukumo wa kopo ukija, kiwambo kinarudi nyuma na kuvuta kipini, mdomo unafunguka. Ukiachia, msukumo unapungua, springi inashinda, kipini kinarudi mdomoni. Uzuri wake ni kwamba kinafunga wakati njia bado ina msukumo kidogo, na huo ndio unaoizuia isopenteni isichemke. Ubaya: vipande vinne badala ya kimoja, moldi zaidi ya moja, na springi ikiwa laini hujafanya kitu, ikiwa ngumu jeli inatoka kwa kukohoa. Kwa mfuko wako nisingeanza nacho.

Jambo la Tanga ni ugonjwa mwingine kabisa. Hapo valvu ilifunguliwa njiani. Kifuniko kinagusa kichwa, kichwa kinagusa kijiti, katoni zimebebana, gari linaruka matuta hadi Segera, kila tuta ni kidole. Chukua rangi ya mdomo, paka juu ya kitufe, funika, kandamiza kifuniko kwa kiganja kama katoni ya juu inavyokandamiza, funua. Ukikuta alama ndani ya kifuniko, umempata mwizi.

Binti Maabara

Samahani kuingilia, mimi niko upande wa kuchanganya. Kuna mlango mwingine: mwambie anayekujazia asogeze mchanganyiko. Penteni ya kawaida inachemka kwenye 36°C badala ya 28. Ukiongeza sehemu yake, jeli inakaa kimya zaidi kwenye joto la Dar.

Muulize pia kuhusu manukato. Kama kuna mafuta ya machungwa au limau, yanaweza kuuvimbisha mpira wa valvu. Ukivimba kidogo hauna shida, ukizidi unakikaba kijiti na hakirudi juu, hapo ndipo utaona kuvuja kwa kweli.

FundiMoldi

Dada umesema kweli, la machungwa nilikuwa nimelisahau. La penteni nina wasiwasi nalo. Akipeleka mzigo Njombe mwezi wa saba, kinyozi wa kule atasugua shavu la mteja mpaka ngozi iwe nyekundu ndipo povu lije.

Binti Maabara

Haha, nakubali. Basi asogeze kidogo tu.

Kinyozi wa Tandika

Wakuu nimerudi, wiki tatu sasa.

Rangi ya mdomo: nimeikuta imejichora ndani ya kifuniko duara kamili, kama busu. Kitufe chetu kipana kilikuwa kinapanda juu kuliko kile cha zamani na hakuna aliyepima. Kijana ameshusha kitufe, sasa kuna uwazi wa 2 mm hata nikikandamiza. Nimetuma makopo 12 Tanga kwa gari lilelile, yamefika makavu yote.

Kichwa kipya: njia 18, tundu 2.5, umbo la nje halijabadilika, wateja hawajui kitu. Nikaazima mizani ya sonara, ile inayosoma 0.01 g. Nilikuwa nabonyeza, nafuta mdomo, naweka kijikaratasi chini, baada ya nusu saa nafutia nacho mdomo, napima kilichotoka. Kichwa cha zamani: 0.31, 0.28, 0.33. Kipya: 0.07, 0.05, kisha 0.22!

Hiyo 0.22 ilininyima usingizi. Nikakishika kichwa kwenye mwanga, nikaona povu linatoka ubavuni, kwenye mistari ya plastiki yenyewe, siyo mdomoni.

FundiMoldi

Hiyo ni printa. Ile ya kuyeyusha uzi inapanga plastiki tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka kuna vinjia. Kwa umbo na kwa mkono wa kinyozi inafaa sana, kwa kupima uvujaji inadanganya pande zote. Mwambie kijana akutolee vitano kwa printa ya utomvu, ile inayogandisha kwa mwanga, halafu rudia na mizani.

Kwenye moldi ya chuma, mwambie mchongaji tundu linaloshika kijiti litengenezwe na pini moja iliyong'arishwa, bila mshono wowote kupita humo. Kijiti kina kama 4 mm, kinashikwa kwa kubanwa tu, hakuna gundi. Unyuzi mmoja wa plastiki pale ni mfereji. Mimi niliwahi kuupuuza kwenye kichwa cha losheni, mteja akanirudishia gunia zima mlangoni, mbele ya mama mkwe.

Na usichonge kabla ya kaskazi. Unapima sasa hivi na upepo wa kusi unakupepea. Weka makopo stoo, Desemba mpaka Februari, uone.

Kinyozi wa Tandika

Vya utomvu: 0.06, 0.05, 0.06, 0.05, 0.07. Ni chozi tu, linabaki mdomoni halidondoki. Mzee wa mafua ameliona, akasema mgonjwa anapona lakini apewe kitambaa. Kwa hiyo kiraba cha msalaba naweka.

Mchongaji nimemwambia asubiri. Stoo nimeweka makopo 12: manne wima, manne yamelala, manne kichwa chini, mbali na bati, na kipimajoto ukutani kwa sababu kopo limeandikwa lisizidi 50°C. Kila Jumapili napima. Namba nimeziandika kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Bado hajaniuliza imeishia wapi.