Naomba ushauri: supu ya mama mwenye shinikizo la damu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika kutoka Lamu, ambako msimu huu wa kusi mama yangu, mtu mzima aliyevuka miaka 70 na mwenye shinikizo la damu, hana hamu ya chakula isipokuwa supu ya moto, nami sipendi kumnyima kitu kinachomfariji. Daktari ameagiza tupunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Nimeacha vidonge vya mchuzi, ambavyo vina chumvi nyingi, nikaongeza ndimu, tangawizi na pilipili manga, lakini mama huonja, akasema imepooza, kisha hulisukuma bakuli. Anayoikubali ni supu ya mifupa, ila protini yake ni ndogo ikilinganishwa na nyama yenyewe au pojo, na naona anazidi kudhoofika.

Naomba mnieleze: nikitumia samaki au pojo, niunge kwa viungo gani ili ladha ikolee bila chumvi? Na je, tui jepesi linamfaa mgonjwa wa presha, au niliache kabisa?