Muvi ya Hatari! ilishutiwa Momella sehemu gani hasa? Nataka kumpeleka mzee

Nasra_Usa
Wakuu habari za jioni, naomba kujuzwa. Juzi nimekaa na mzee wangu tunaangalia Hatari! ya John Wayne, ile ya 1962 wanayokimbiza faru na twiga na magari, sasa ikafika pale kwenye nyumba wanayoishi na mlima uko nyuma, mzee akanyanyuka kwenye kochi, "huo si Meru huo!" Kumbe alikuwa mtoto wa shule wakati wanashuti, anasema malori ya wazungu wa sinema yalikuwa yanapita barabara ya Ngarenanyuki watoto wanayakimbilia mpaka mwalimu anabaki na ubao wake. Miaka yote hiyo hajawahi kunisimulia, na tangu siku ile haongei kingine. Mi nimekulia Usa River na sijawahi hata kuingia hapo Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako Momella iko, naona aibu kwa kweli. Naomba kujua ni maeneo yapi, na je mtu mwenye magoti mabovu atafika?

DerevaWaMeru
Dada yangu umenigusa, mi nazungusha wageni huko. Mpe mzee shikamoo yangu. Ile nyumba na mazingira yake ni Momella, upande wa kaskazini karibu na geti la Momella, lakini muvi yote haikushutiwa hapo, walienda pia Manyara na Ngorongoro na sehemu nyingine. Walikuwa huku mwishoni mwa 1960 kuingia 1961, yaani bado Tanganyika haijapata uhuru. Yule Mjerumani aliyeigiza humo, Hardy Krüger, alipapenda Momella mpaka akanunua shamba hapo hapo akajenga na akaishi miaka kadhaa, na leo kuna lodge inaitwa Hatari pale pale.

Magoti yasikutishe, unazunguka na gari tu. Ingieni geti la Ngongongare asubuhi, mtakuta Serengeti Ndogo, uwanda wa majani umejaa nyati na twiga, halafu msituni upande wa Ngurdoto mwangalieni mbega juu ya miti, ndo mshuke kwenye maziwa ya Momella. Yale maziwa yana magadi na kila moja lina rangi yake, hili kijani hili bluu, flamingo wakiwepo ukingo wote unakuwa wa pinki. Simameni pale mzee ashuke ageuke nyuma, Meru uko mgongoni na kukiwa hakuna mawingu Kilimanjaro inatokea upande wa pili. Nendeni mapema maana saa nne saa tano mawingu yanaanza kufunika. Na beba kitambulisho chake, raia kiingilio ni cha chini kuliko mgeni.

Mkaazi_wa_Ngong
Majirani hongereni, nyinyi angalau muvi inaonyesha pahali penyewe. Sisi huku Kenya, muvi ya Out of Africa ilishutiwa kwetu kweli, Ngong na Karen, ikatoka 1985 na kubeba Oscar saba, lakini ile ya simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli 1898, The Ghost and the Darkness, walienda kuishuti Afrika Kusini! Hadithi ni ya Tsavo, simba ni wa Tsavo, watu waliokufa walikufa Tsavo, halafu udongo unaouona si wetu. Mtu aliyepanda treni ya Mombasa akaona ule udongo mwekundu hadanganyiki hata dakika moja. Hiyo huniuma sana.

Mama_Tengeru
Mi nimeiangalia hiyo Hatari! na watoto na sikuweza kufurahia yote. Wale wanyama ni wa kweli na wanakimbizwa kweli, mwongozaji Howard Hawks alitaka waigizaji wenyewe wafanye kazi, mtu kakaa kwenye kiti kilichofungwa kwenye madigadi ya gari ameshika mti wenye kitanzi, na faru anahema mbavu zinapanda na kushuka. Faru wa huku kwetu waliisha kwa ujangili, leo ukitaka kuwaona unaenda Ngorongoro. Kwa hiyo kwangu ile muvi ni kama picha ya marehemu. Nasra, mrekodi baba yako kwenye simu tafadhali, na umuulize wale wenzetu wanaoonekana wanavuta kamba na kubeba vizimba walikuwa kina nani, maana John Wayne anajulikana dunia nzima, wao majina yao yako vichwani mwa wazee tu.

Nasra_Usa
Asanteni sana, Mama Tengeru shikamoo, nimemuuliza jana usiku hiyo hiyo. Anawakumbuka wawili, mmoja alikuwa jirani wa shangazi yake Ngarenanyuki, na ana mjukuu bado yuko kule. Tunaenda Jumamosi na tutapitia kwake kwanza, mzee ameshatoa koti lake la sikukuu kabatini.