Kanopi ya ndege ya modeli imeshika ukungu kwa ndani, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Bawa la Kushoto (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Nina Spitfire ya plastiki, skeli 1/32, imekamilika kila kitu mpaka rangi. Shida ni kanopi, kile kifuniko cha kioo juu ya chumba cha rubani. Kwa ndani imeshika ukungu mweupe, umeanzia kwenye fremu ukapanda juu, kiti cha rubani na dashibodi havionekani vizuri. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Kanopi imeshabandikwa, haifunguki. Nataka nitoboe tundu chini ya tumbo la ndege niingize chembe za silika jeli zinyonye unyevu. Nitumie biti ya milimita ngapi? Nina mpaka Jumamosi tu.

Fundi Balsa
Pole sana ndugu, huo ugonjwa naujua. Mimi narusha za rimoti. Niliwahi kufunga kamera ndogo ndani ya kanopi, asubuhi uwanja umejaa umande, nikarusha. Betri ikapasha hewa ya ndani huku kioo kinapigwa na upepo wa baridi, nikarudi na video ya maziwa matupu, dakika nane nzima. Dawa ilikuwa matundu mawili: la mbele hewa iingie, la nyuma, kubwa kidogo, itoke. Tundu moja peke yake halisaidii, hewa haizunguki. Na ndege ikishatua, toa kanopi uiache wazi, maana balsa, ule mti mwepesi tunaojengea, inakunywa unyevu kimya kimya.

Bawa la Kushoto
Asante mkuu, ila yangu hairuki. Inakaa kabatini.

Kanali wa Mezani
Wazo la silika jeli lina heshima yake. Messerschmitt Bf 109, ndege za kivita za Wajerumani, za kuruka juu sana, zile zenye chumba cha rubani kilichoshindiliwa hewa kama G-1, vioo vyake vilikuwa tabaka mbili na katikati waliweka vidonge vya silika jeli ili visishike ukungu. Mwenye kuijenga G-1 bila kuonyesha vidonge vile amekosea. Nimelisema hili kwenye nyuzi nyingi na bado watu wanaziacha.

Dada Brashi
Kanali, mwenzio ana Spitfire. Mleta uzi, rangi ya ndani ulipaka lini? Rangi ya maji ukiifungia kabla haijakauka vizuri, unyevu wake unatafuta pa kutokea haupati. Mimi naacha kanopi wazi siku mbili, tatu, hata kama mkono unaniwasha kuibandika. Vijana mnapenda kumaliza, hampendi kungoja.

Pima Kwanza
Tuanze na hesabu. Hewa ya nyuzi 20 ikijaa unyevu kabisa inabeba takriban gramu 17 za maji kwa mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10 inabeba kama 9 tu, kinachobaki ndicho kinachotua kwenye kioo. Sasa ndani ya kanopi yako kuna hewa ya kijiko cha chai, tuseme mililita 5. Maji yote yaliyomo hayafiki hata sehemu ya kumi ya miligramu. Hayo hayawezi kuficha kiti cha rubani siku nzima. Nijibu mawili. Ukipuliza draya kwa mbali, ya uvuguvugu, ukungu unaondoka? Na ulibandika kwa gundi gani?

Bawa la Kushoto
Draya nimejaribu, hauondoki. Gundi ya kawaida tu.

Pima Kwanza
Ya kawaida ipi?

Bawa la Kushoto
Supaglu. Lakini kidogo sana, kwa ncha ya kijiti cha meno. Na biti nimeshaipata, silika jeli ninayo, kwa hiyo naomba tubaki kwenye swali la tundu.

Pima Kwanza
Tundu halina kazi. Huo si unyevu, ni supaglu yenyewe. Inapokauka inatoa mvuke, mvuke unakutana na unyevu kidogo ulioko kwenye kioo na kuganda pale pale kuwa utando mweupe. Ni plastiki hiyo. Silika jeli hainyonyi plastiki.

Sina Haraka
Wakuu samahani, naona hii ni chai. Mtu amejenga Spitfire ya 1/32 mpaka rangi halafu hajui supaglu inaua kanopi? Juzi imekamilika, leo ina tarehe ya mwisho. Asubuhi inazidi, mara haiondoki kabisa. Na uzi hauna picha. Tunachezewa.

Kanali wa Mezani
Hata mimi nilishangaa. Kwanza ni Spitfire toleo gani? Hajataja.

Bawa la Kushoto
Si chai. Nilisema asubuhi kwa sababu jua la dirishani linaipiga ubavuni, ndipo ukungu unaonekana wote. Na ndege si yangu, ni ya kaka yangu. Nilikuwa nafuta vumbi kabatini, ikadondoka, kanopi ikabanduka nzima. Nikairudisha kwa supaglu usiku ule ule. Kaka anarudi Jumamosi. Picha hiyo hapo.

Dada Brashi
Nimeikuza picha. Upande wa kulia, kwa ndani, kuna alama ya kidole gumba, mistari yote inahesabika. Polisi wanaibua alama za vidole kwa mvuke huu huu wa supaglu. Ulikishika kioo kwa ndani, mdogo wangu.

Sina Haraka
Nimeiona. Niwie radhi, mleta uzi.

Pima Kwanza
Asetoni usiiguse, italainisha kioo. Funga ndege kwenye mfuko, iweke friza saa moja au mbili. Supaglu ikipata baridi inakuwa kavu kama biskuti. Sukuma fremu kwa kijiti, taratibu, usitumie kisu. Ikitoka, iache ikauke, kisha sugua utando kwa dawa ya kung'arishia plastiki na kitambaa laini, kwa miduara midogo. Rudishia kwa gundi nyeupe ya mbao: inakauka bila rangi na haitoi mvuke huo.

Dada Brashi
Na mpigie kaka yako kabla hujaigusa. Ile rangi ya fremu kaipaka kwa mkono, inaonekana.

Bawa la Kushoto
Nilitaka aikute imepona, dada. Ipo friza sasa, dakika ya arobaini.

Bawa la Kushoto
Imetoka nzima! Fremu haina hata mchubuko. Nimeanza na ile alama ya gumba, utando unatoka kama unga na chini yake kioo ni safi. Nusu nimemaliza.

Bawa la Kushoto
Kaka amefika leo. Kanopi iko mkononi mwangu. Anauliza ndege inafanya nini kwenye friza.