Kikokotoo cha BA II Plus kinatoa rejesho la mkopo la milioni 9 kwa mwezi, tatizo liko wapi?

Mpangaji_Mbezi: Wakuu, naombeni msaada. Mkopo wa nyumba sh. 60,000,000, riba 15% kwa mwaka kwenye salio linalopungua, miaka 15. Kwenye Texas Instruments BA II Plus naingiza 180 N (idadi ya marejesho), 15 I/Y (riba ya mwaka), 60000000 PV (mkopo), 0 FV (salio la mwisho), kisha CPT PMT (kokotoa rejesho). Jibu: -9,000,000.00. Karatasi ya benki inasema 839,752. Na riba ikipanda katikati nakokotoaje?

Mizania: Mkuu, P/Y yako (idadi ya malipo kwa mwaka) iko kwenye 1. Mashine inakutoza 15% nzima kila mwezi, na hiyo milioni 9 ni riba tupu. Bonyeza 2ND, P/Y, 12, ENTER, halafu 2ND QUIT. C/Y (mara riba inapokokotolewa kwa mwaka) itakuwa 12 yenyewe. Rudia CPT PMT, utapata -839,752 na senti. Alama ya kutoa ni pesa inayokutoka. Kumbuka 2ND CLR TVM (kufuta namba za mkopo) haigusi P/Y, kwa hiyo kikokotoo cha kuazima kikague hapo kwanza.

Dada_Hesabu: Angalia pia kama kwenye skrini kuna BGN. Ikiwepo, inahesabu malipo ya mwanzo wa mwezi na utapata 829,385. Hili ni baya kuliko la milioni 9, maana jibu linaonekana la kweli kabisa. Iondoe kwa 2ND BGN, 2ND SET, 2ND QUIT.

Wenye kikokotoo cha HP 12C hawana P/Y: 15 g 12× kwa miezi, 15 g 12÷ kwa riba.

Mizania: Riba ikipanda usianze na milioni 60. Tafuta salio la siku hiyo: 2ND AMORT, P1 (rejesho la kwanza) weka 1 ENTER, shuka kwa mshale, P2 (rejesho la mwisho) weka 12 ENTER, shuka tena usome BAL (salio). Baada ya mwaka mmoja salio ni kama 58,846,000. Umelipa zaidi ya milioni 10, lakini deni limepungua kwa 1,154,000 tu. Toka kwa 2ND QUIT, ingiza salio hilo kwenye PV, N iwe 168, riba mpya tuseme 17, CPT PMT. Rejesho linafika 920,000 na ushee.

Mzee_wa_Riba: Ndugu, ukipewa ofa nyingine yenye "15%" hiyohiyo, uliza riba inapigwa kwenye nini. Ikipigwa kwenye milioni 60 yote hadi mwisho, rejesho ni 1,083,333. Ingiza 1083333 +/- PMT, N 180, PV 60000000, FV 0, CPT I/Y: inatoka karibu 20.66, yaani hiyo ndiyo riba yake ukiipima kwenye salio linalopungua. Ukisahau +/- utaona Error 5. Bima na ada za mwanzo hazimo humo; ada zinazokatwa kwenye mkopo zitoe kwenye PV kabla ya kukokotoa riba.