Mikindani: tulale hapo hapo au Mtwara mjini?

Muulizaji: Wakuu, nakuja na mama kutembelea Mikindani, siku mbili tatu, hatuna gari. Mama magoti yanamsumbua. Tutafute chumba Mikindani kwenyewe au Shangani, kule Mtwara mjini? Na nikague nini kabla sijalipa?

Mpwani: Laleni Mikindani. Ni kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara, lakini majengo yake ya kale ni ya kutazamwa asubuhi na alasiri. Saa sita jua linawachoma tu. Ukilala hapo hapo unazipata saa zote mbili bila kugombania daladala. Boma la Wajerumani, la mwaka 1895, lilikarabatiwa likawa hoteli. Lipo juu kilimani, kwa hiyo mama apande bajaji mpaka mlangoni, na mnapoweka nafasi ombeni chumba kisicho na ngazi. Mtaa wa chini, zilipo nyumba kongwe na ile inayotajwa kuwa ya Livingstone (yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti; alianzia hapa safari yake ya mwisho, 1866), ni tambarare.

Mkitokea Dar au Lindi, basi linapita Mikindani kabla ya Mtwara. Mwambieni konda mapema awashushe, la sivyo mtafika stendi halafu mlipe nauli ya kurudi.

Kusini Kwetu: Mpwani, umesahau usiku. Giza likiingia daladala zinaadimika na bajaji anataja bei anayotaka. Kwa mtu mzima mwenye magoti ningechagua Shangani: vyakula viko karibu, Hospitali ya Ligula iko mjini huko huko, na pwani yake ni ya kuogelea, maji yakijaa lakini. Mikindani maji yakitoka ni tope na mikoko. Halafu angalieni msimu wa korosho. Minada ikianza, kuanzia Oktoba, wanunuzi wanajaa gesti zote. Tumeni kabisa malipo ya awali, ahadi ya simu peke yake haishiki.

Fundi Bomba: Kuhusu chumba: usikubali kabla hujafungua bomba la bafuni na kuvuta maji ya choo. Likitoka tone tone, uliza simtanki liko juu au maji yanategemea pampu, maana pampu ikitegemea umeme, umeme ukikatika mnaoga kwa ndoo. Tandaza neti yote uitazame kwenye mwanga. Tundu huwa pembeni, linapochomekwa chini ya godoro. Washa feni kwa spidi ya mwisho, ikiyumba hamtalala. Chumba cha bati kisicho na dari hapa pwani kikatae hata kwa nusu bei. Choo cha kuchuchumaa pia mama hatakiweza, kwa hiyo sema tangu kwenye simu kwamba unataka cha kukaa. Na uliza kama chai ya asubuhi imo kwenye bei.

Mpwani: Usiku nakubali. Basi chukueni namba ya bajaji mmoja mchana na mpatane bei ya jioni kabisa.